Ndoo za Maji kwa Mtambo wa Temeke

Wanangu wa karakana, hebu kwanza kila mmoja wenu aangalie dole gumba lake la mkono wa kulia. Limenyooka? Basi mshukuruni aliyevumbua kitufe. Katika rika langu, ukikutana na mtu mwenye dole gumba lililopinda, hukuwa na haja ya kumuuliza kazi yake. Tuliwasha injini za dizeli kwa hendeli, chuma unachokizungusha kwa nguvu zako zote, na injini ikikataa huirudisha hendeli nyuma kwa hasira. Aliyekuwa ameikumbatia kwa dole gumba alikwenda hospitali. La kwangu ni zima kwa sababu siku ya kwanza nilipoishika hendeli nilichapwa kofi la mkono kabla sijaizungusha hata kidogo.

Kofi lilikuwa la Fundi Jaffer. "Dole gumba lako umepewa na mama yako," aliniambia. "Liweke upande mmoja na wenzake. Injini haina mama, haina huruma."

Fundi Jaffer alikuwa Muhindi wa Kiithnasheri, mzaliwa wa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilinishinda mimi Mzaramo wa Kisarawe. Alikuwa mfupi, mkavu, shati lake jeupe asubuhi na jeusi jioni. Watu hakuwasemesha sana. Injini alizisemesha kutwa. Kila ninachokijua katika kazi hii, nilikichota kwake, na kama nyie mnanisikiliza leo, jueni mnamsikiliza yeye.

Kazi yetu ilikuwa kuitunza mitambo ya akiba ya mji. Enzi hizo za Mwingereza umeme wa Dar es Salaam ulikuwa na tabia zake, hasa mvua ikinyesha, na kulikuwa na majengo ambayo hayakuruhusiwa kukaa gizani: hospitali, vituo vya polisi, nyumba za pampu za maji, nyumba ya simu. Kila jengo lilikuwa na banda lake nyuma, na ndani ya banda injini imelala. Sisi tulizunguka kwa baiskeli, tukiziamsha na kuzilaza.

Nyumba moja ya pampu, mlinzi wake alikuwa na kuku, na kuku yule alitambua kuwa baada ya sisi kuondoka injini hubaki na joto zuri. Akawa anatagia juu yake. Siku moja nimefika kuiwasha, Fundi Jaffer akanizuia. Akayatoa mayai moja moja, akayaweka ndani ya kofia yake, akamkabidhi mlinzi, akasema, "Mwambie mkeo hii nyumba ni ya serikali, lakini kuku wako ana akili kuliko serikali. Yeye ndiye peke yake anayejua thamani ya mtambo usiofanya kazi."

Tulicheka, lakini alikuwa anasema kweli. Nyie mnadhani ugumu wa kazi yetu ulikuwa hendeli. Hendeli ni misuli tu. Ugumu ulikuwa kumshawishi mtu alipie kitu ambacho yeye mwenyewe anamwomba Mungu kisihitajike. Barabara atachangia, kwa sababu ataipita kesho. Msikiti atachangia, kwa sababu ana haja na Mola wake. Injini ya kukaa bandani ikingoja balaa, atakuuliza kama una homa.

Ndiyo maana nataka kuwasimulia habari ya mtambo wa Temeke. Nimeona mengi kazini, lakini watu wale wa Temeke bado nawavulia kofia.

Temeke ya wakati huo ilikuwa ya makuli wa bandarini, makarani wadogo na wauza vitumbua. Palikuwa na hospitali ndogo ya wazazi, na ndani yake chumba cha upasuaji ambacho daktari mmoja kijana alikipigania mpaka kikafunguliwa. Mkuu wa wakunga alikuwa Nesi Agnes, binti wa Kipare, Mlutheri asiyekosa kanisani, mwembamba, mwenye sauti ya upole na ukaidi wa punda. Nalitaja la ukaidi kwa heshima zote.

Mtambo wa akiba wa hospitali ile ulikuwa mkuukuu. Ulikuwa ukitoa moshi wa bluu, na moshi wa bluu, wanangu, maana yake injini inakunywa oili yake yenyewe. Moshi mweusi, umeibebesha mzigo inaoshindwa. Moshi mweupe, kuna maji mahali pasipotakiwa maji. Huhitaji kufungua hata skrubu moja, simama nje utazame bomba la moshi kabla hujaingia. Fundi Jaffer alikuwa akitazama moshi wa Temeke na kutikisa kichwa.

Kisha amri ikaja kutoka mjini. Mhandisi wa umeme, Mzungu mmoja mrefu mwenye haya, alikuja kukagua akasema hawezi kuruhusu mtu apasuliwe tumbo chini ya taa zinazotegemea injini ile. Alikuwa na haki. Chumba cha upasuaji kifungwe mpaka upatikane mtambo mpya, na ofisi itatoa nusu ya gharama ikiwa wakazi watatoa nusu nyingine. Wasipotoa, mama akishindwa kujifungua apelekwe hospitali ya mjini.

Maneno hayo yalisemwa wakati wa kiangazi, yakasikika mepesi. Lakini Nesi Agnes alikuwa anaijua njia ya mjini wakati wa masika. Masika yaliyotangulia, kabla chumba hakijafunguliwa, alisafiri na mama mmoja wa Mtoni ndani ya gari la wagonjwa, likakwama kwenye tope la bonde la Keko. Wanaume walisukuma mpaka wakachoka. Mama yule alikatia roho mikononi mwake, mtoto akiwa bado tumboni, na mji unaonekana kule mbele. Nesi Agnes alinisimulia mara moja tu, hakurudia tena. Alichotaka kilikuwa kimoja: mvua zikianza, chumba kiwe wazi.

Ukaitishwa mkutano uani kwa hospitali. Nesi akaeleza vizuri sana. Wazee wakasikiliza, kisha mmoja wao, kuli mstaafu, akasimama.

"Nesi, binti yangu, sie hatukatai. Ila kodi tumelipa. Na hospitali ya nani? Ya serikali. Halafu huo mtambo upo, nausikiaga kila wiki unanguruma mpaka mbuzi wangu wanakimbia. Sasa mwingine wa nini?"

Watu wakapiga makofi, na mimi ningekuwa mkazi ningepiga. Nesi akamtazama Fundi Jaffer. Fundi akaniambia, "Athumani, lete pipa."

Hapa nisikilizeni, maana haya hamjafundishwa. Injini ikinguruma bila mzigo haijakwambia kitu. Ni sawa na mtu anayejisifu kubeba gunia akiwa amekaa kitandani. Lazima uibebeshe. Sasa utaibebesha nini, nawe huwezi kumpasua mtu kwa majaribio? Fundi Jaffer alikuwa na pipa la maji ya chumvi. Unaning'iniza mabamba mawili ya chuma juu ya pipa, kila bamba na waya wake kutoka kwenye mtambo, na unayashusha majini kwa kamba. Kadiri yanavyozama ndivyo umeme mwingi unavyopita kwenye maji, na ndivyo mzigo unavyoulemea mtambo. Maji yanapata moto, yanachemka. Tulizungushia kamba pande zote asikaribie mtu, na nyie msithubutu kujaribu nyumbani, maana pipa lile likikugusa halikuachi.

Nikaiwasha injini. Ikanguruma, mzee yule akatikisa kichwa kwa kuridhika. Taa moja ilikuwa imetundikwa mlangoni, inawaka vizuri. Fundi akaanza kushusha mabamba. Ngurumo ikawa nzito. Akashusha tena. Moshi ukatoka bluu, ukatoka mweusi, taa ikawa nyekundu kama kaa la sigara. Akashusha kidogo tu zaidi. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Fundi Jaffer akamgeukia yule mzee, akasema kwa adabu, "Mzee wangu, hapo mjukuu wako alikuwa juu ya meza."

Yule mzee aliketi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza mtambo wa nini. Swali lililobaki lilikuwa utatoka wapi, maana kuelewa hakujazi kapu. Watu walitoa walichoweza, na walichoweza kilikuwa kidogo.

Sasa lazima niwajulishe kwa Bi Tatu na Bi Mwanahawa. Bi Tatu alikuwa mnene, mcheshi, muuza vitumbua, na ndiye kiongozi wa kundi la ngoma la wanawake lililoitwa Mkufu. Bi Mwanahawa alikuwa mrefu, mkimya, mke wa mnyapara wa bandarini, na ndiye kiongozi wa kundi la Johari. Makundi hayo mawili yaligawa Temeke kama kisu kinavyogawa papai. Ugomvi ulianzia kwenye harusi moja ambako Mkufu waliingia na sare ya kanga mpya waliyoificha kwa miezi, wakawakuta Johari wameshakaa, wamevaa kanga ile ile. Nani alimwibia nani siri, mpaka leo haijulikani. Kinachojulikana ni kwamba tangu harusi hiyo Bi Tatu na Bi Mwanahawa hawakusemeshana. Wakikutana sokoni mmoja anageukia nyanya, mwingine anageukia dagaa.

Nesi Agnes, ambaye ngoma hakuicheza wala hakuwahi kukaa kuitazama, alikwenda kwa Bi Tatu. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kununua vitumbua.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kama ni huo mtambo, mie nimeshatoa."

"Sikuja kuomba, mama. Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka niwaalike Johari wacheze hospitalini siku ya mchango. Nikaona si adabu kufanya jambo mtaani kwako usijue."

Bi Tatu aliacha kitumbua kikaungua. Nakiona mpaka leo kile kitumbua.

"Johari wacheze," alisema polepole, "halafu sie Mkufu tukae tunawatazama?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana nimekuja kuuliza."

"Mwambie Mwanahawa alete na godoro. Atazimia."

Kutoka hapo Nesi akaenda kwa Bi Mwanahawa, akaomba ruhusa ya kuwaalika Mkufu. Hakusema uongo hata neno moja. Nilimuuliza njiani kama Biblia inaruhusu ujanja wa namna ile, akaniambia, "Athumani, inasema tuwe wapole kama njiwa. Ila haikuanza na njiwa, ilianza na busara ya nyoka." Nilimheshimu mara mbili siku hiyo.

Nyie hamkuziona ngoma za mashindano. Katika ngoma zile, mtu akiguswa na wimbo huinuka kwenda kutunza kwa pesa au zawadi, na hutunza hadharani, akicheza, ili upande wa pili uone. Nesi alitoa sharti moja tu: beseni la kutunzia halikai uwanjani, linakaa bandani, juu ya mtambo mbovu. Kwa hiyo kila aliyetunza alilazimika kuingia bandani na kuiona injini ile ilivyo, inavuja oili, imefungwa nyaya kama mgonjwa aliyevunjika. Watu waliingia wakicheka wakatoka wametulia.

Siku ya mchango ilipofika, Mkufu walianza kwa kijembe:

*Taa yetu ikizima, jirani hana kivuli.*

Johari wakajibu pale pale:

*Kivuli si cha taa yako, ni cha jua la asili.*

Basi ikawa vita. Mkufu wakitunza, Johari wanaongeza. Mwanamke anavua bangili. Mwingine anakwenda mbio nyumbani, anarudi na kuku. Mume wa Bi Mwanahawa akasimama kutangaza kwamba makuli wake wataushusha mtambo melini na kuuleta Temeke bila ujira. Jamaa za Bi Tatu, maseremala wa Keko, wakaona aibu kupitwa, wakatangaza kujenga banda jipya, milango, na fremu mpya ya pipa. Wenye maduka wa Kihindi, jamaa za Fundi Jaffer, waliokuja kutazama tu, wakajikuta wametoa saruji. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nusu ya wakazi ilipatikana, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile nasikia raha moyoni.

Mtambo ulifika wiki ambayo mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya. Mpya, rangi ya kijani, na mbele yake rejeta pana inayong'aa. Siku ya kuukabidhi alikuja Bwana Shauri, yaani afisa wa Kiingereza wa wilaya, na yule mhandisi mwenye haya. Mhandisi alisema wazi: ataubebesha mzigo wote kwa saa nzima, na ukihimili atatia sahihi chumba kifunguliwe. Usipohimili, yeye kesho yake anasafiri kwenda kusini, na hatarudi mpaka masika yaishe. Nesi Agnes alikuwa amesimama nyuma yake. Niliona anavyoikunja aproni yake kwa vidole.

Kumbukeni sasa desturi zetu. Bibi harusi huvikwa kanga. Mtoto mchanga huvikwa kanga. Kitu kipya chenye heshima hakiachwi uchi. Mkufu walikuja na doti ya kanga kumvika mtambo. Johari nao walikuja na doti yao. Kila upande ulitaka kanga yake ikae mbele, usoni, ambako Bwana Shauri ataiona. Wakavutana mpaka mzee mmoja akaamua zikae zote mbili, moja juu ya nyingine, zikakazwa vizuri kwa fundo. Uso wa mtambo, wanangu, ni rejeta. Hapo ndipo unapopumulia.

Fundi Jaffer wakati huo alikuwa upande wa pili wa ukuta, anaweka sawa nyaya za pipa pamoja na mhandisi. Hakuona. Mimi nilikuwa dukani kwa Muhindi, nimetumwa chumvi ya kuongeza pipani. Niliporudi injini ilikuwa imeshawashwa, hotuba zinaendelea, mabamba yako majini, na pale mbele feni imezivuta kanga zote zikanata kwenye rejeta kama karatasi kwenye gundi. Kabla sijafungua mdomo, mvuke ukafumka juu, *shhhh*, mpaka kofia ya Bwana Shauri ikaloa. Fundi akaizima injini kwa kuruka.

Bwana Shauri alipangusa uso wake, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Huu ndio mtambo mpya?" Mhandisi akaangalia saa. Bi Tatu akasema kwa sauti ya kusikika na wote, pasipo kumtazama mtu, kwamba kanga iliyoziba pumzi ni ile nzito ya watu fulani. Bi Mwanahawa akaliambia anga kwamba ya chini ndiyo inayoziba, na ya chini si yake. Nesi Agnes alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua anaona nini. Anaona bonde la Keko.

Fundi Jaffer alizifungua kanga mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazikunja kwa heshima, akazirudisha kwa wenyewe.

"Bi Tatu, dada yangu," alisema, "nikikufunga kanga puani na mdomoni, utaimba?"

"Siimbi."

"Bi Mwanahawa, utacheza?"

Bi Mwanahawa akatikisa kichwa.

"Basi hata huyu. Hana ubaya. Mlimpenda mpaka mkamziba pumzi. Mpeni nafasi apoe, tuanze upya."

Akamgeukia mhandisi, akamweleza kwa Kiingereza. Mhandisi yule, na ninamsifu kwa hili, alivua koti lake akalitundika mlangoni, akasema atangoja. Bwana Shauri aliondoka. Mhandisi alibaki.

Injini ikapoa, tukaijaza maji rejetani, tukaiwasha. Nikashika hendeli mwenyewe, dole gumba upande mmoja na wenzake. Mabamba yakashuka mpaka chini, mzigo wote. Mtambo ukaguna, ukajipanga, ukakaza. Moshi haukuonekana. Lakini kwa mzigo ule maji ya pipa yalianza kuchemka kama sufuria ya mihogo, na yakichemka yanapungua, na yakipungua mzigo unapungua, na mzigo ukipungua jaribio halina maana. Pipa lilitaka maji, na bomba la hospitali lilikuwa linatoa uzi tu, kama kawaida yake wakati ule wa mwaka. Kisima kilikuwa kule nyuma ya nyumba za makarani.

"Maji," alisema Fundi Jaffer. Hakuomba. Alisema tu, kama anavyosema "spana."

Mkufu walikuwa upande wa kisima. Johari walikuwa upande wa banda. Bi Tatu akavua viatu, akachukua ndoo. Mstari ukajipanga wenyewe, maana wanawake wale walizoea kupeana maji kwenye misiba na harusi. Ndoo ikawa inatoka kisimani mkono kwa mkono mpaka ilipoishia Mkufu na kuanzia Johari. Na hapo, kwa jinsi mstari ulivyokatika, aliyekuwa wa mwisho kwa Mkufu ni Bi Tatu, na wa kwanza kwa Johari ni Bi Mwanahawa.

Bi Tatu alisimama na ndoo imejaa. Akaitazama ndoo. Akautazama mtambo. Watu wote walikuwa wanatazama.

"Pokea," akasema.

"Lete," akajibu Bi Mwanahawa.

Ndiyo maneno ya kwanza kusemeshana tangu ile harusi. Ndoo ilipita, ikaja nyingine, na nyingine. Ilipofika kwenye kamba aliipokea Fundi Jaffer peke yake. Mimi nakata swichi ya pipa, yeye anamimina, narudisha swichi. Saa nzima tulifanya hivyo. Mwisho Bi Tatu alikuwa anamwambia mwenzake, "Shika vizuri, Mwanahawa, usije ukajimwagia kiunoni ukatusingizia."

"Mie kiuno changu kinaonekana angalau," Bi Mwanahawa akajibu, na mstari mzima ukapasuka kwa kicheko.

Mhandisi alitia sahihi akiwa na shati limeloa. Alimpa Nesi Agnes mkono. Nesi aliingia ndani haraka. Najua alikwenda kulia, na hakutaka tumwone.

Masika yakaja kwa hasira zote. Alasiri moja mbingu zilikuwa nyeusi mpaka kuku wakarudi bandani, radi ikapiga, umeme wa mji ukaondoka. Chumbani palikuwa na mama mezani, daktari ameshaanza kumpasua. Nilikuwa bandani tayari, maana Fundi alinifundisha kwamba mawingu ndiyo kengele yetu. Nikazungusha, ikashika kwa mara ya kwanza, nikahamisha swichi. Taa za chumba cha upasuaji zikarudi. Nikasimama mlangoni kutazama moshi. Safi.

Kwenye mvua ile, nikawaona watu wawili wanakuja, mmoja mnene, mmoja mrefu, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani.

"Bi Tatu, kuna nini? Na mvua yote hii?"

"Tumesikia unanguruma," alisema akihema. "Tumeuletea maji."

Wanangu, mtambo haukuhitaji maji. Maji yalikuwa ya pipa, na pipa lilikuwa la majaribio tu, lilishawekwa kando. Mtambo wenyewe ulikuwa na maji yake ndani ya rejeta, ungekwenda kutwa bila kuomba tone. Lakini wao walichokiona siku ile ni kwamba ukifanya kazi unanywa, na wamekuja kuunywesha. Nilifungua mdomo niwaeleze.

Kabla sijaeleza, mlango wa hospitali ukafunguka, Nesi Agnes akachungulia, barakoa imeshuka shingoni. Pampu ya tangi haikuwa kwenye waya wa mtambo. Mtambo usingetosha kubeba vyote, kwa hiyo tulichagua taa na vyombo vya upasuaji, pampu tukaiacha. Tangi lilikuwa tupu.

"Athumani," alisema, "mama mzima, mtoto mzima. Nitafutie maji safi ya kisima popote yalipo."

Nikazitazama zile ndoo mbili, na wao wakanitazama.

"Si tumekwambia," alisema Bi Tatu.

Sikuwaeleza kamwe. Tangu siku hiyo, umeme wa mji ukiondoka na mtambo wa Temeke ukinguruma, hazipiti dakika nyingi utawaona wale wawili wanakuja na ndoo zao, wanabishana njia nzima. Maji hayakukosa kazi hospitalini. Pampu ilipokuja kuunganishwa, bado walikuja. Fundi Jaffer aliwahi kuniuliza kama nitawaambia. Nikamwambia awaambie yeye. Akasema, "Mimi? Mimi ni fundi wa injini tu," akaendelea kusugua spana yake.

Nawasifia mitambo yenu ya siku hizi, inajiwasha yenyewe kabla mtu hajasema "ah." Akiba haiozi, na serikali yenyewe siku hizi inainunua bila ngoma. Ila mkipita bandani kufuta vumbi, kumbukeni kuna watu waliwahi kulipia mtambo wasiouelewa, kwa ajili ya mama wasiyemjua, na wakaona hawajamaliza deni lao.

Bi Tatu alitangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Masika yaliyofuata umeme ukakatika mchana. Niliwasha mtambo, nikasimama mlangoni kwa mazoea. Bi Mwanahawa alikuja peke yake, amezeeka, anatembea polepole kwenye tope. Kichwani alikuwa na ndoo moja, na mkononi amebeba nyingine.

Nilikimbia kumpokea ile ya kichwani. Alinizuia, akanipa kwanza ya mkononi.

"Anza na hii," alisema. "Hii ya Tatu."